Kutoka Unyani hadi Utu: Ukuaji wa Mhusika Mwenye Kiburi katika Bunilizi za Ajabu

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapotakiwa kumweleza mhusika, aghalabu hukimbilia orodha. Husema kwamba mhusika fulani ni mwenye kiburi, ni mwenye husuda, ni mkatili na ni mwoga. Kisha hutaja mfano mmoja mmoja na kuiweka kalamu chini. Jibu la namna hii hupata alama, lakini humtendea mhusika kana kwamba ni jiwe lililochongwa siku moja na kuachwa lilivyo. Halionyeshi alikoanzia, alikopitia wala alikofikia. Upungufu huu huonekana zaidi pale mhusika anapokuwa mtu wa kuchukiza, kwa sababu msomaji akishamchukia huona kazi yake imekwisha.

Makala haya yanachunguza namna mhusika mwenye kiburi anavyokua katika bunilizi za ajabu, yaani masimulizi yanayotumia majini, mazimwi, nchi za kubuni na watu wanaogeuzwa umbo. Mifano mikuu ni miwili: ndugu wawili, Hasidi na Mansuri, katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, na kijana Eustace Scrubb katika mfululizo wa vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis. Kitabu cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952. Kitabu cha Lewis ambamo Eustace anaingia kwa mara ya kwanza, The Voyage of the Dawn Treader, kilitoka mwaka huohuo. Waandishi hawa walitofautiana kwa nchi, lugha na imani. Hata hivyo kila mmoja alimgeuza mhusika wake mwenye kiburi kuwa mnyama, kisha akamrudishia ubinadamu.

Ili ulinganishi huu usielee hewani, makala yanausoma kutoka mahali mahususi, yaani Voi na eneo zima la Taita Taveta nchini Kenya. Sababu ni mbili. Kwanza, Wataita walikuwa na fikra pevu kuhusu hasira ya moyoni na jinsi ya kuiondoa, na fikra hiyo inaangaza suala la msamaha katika riwaya. Pili, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kaskazini-magharibi mwa Voi, pana mahali paitwapo Manyani. Historia ya mahali hapo inamlazimisha msomaji kuliuliza swali la Shaaban Robert kwa uzito: je, mjeledi humbadilisha mtu?

Dhana ya ukuaji wa mhusika

E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo wahakiki wa Kiswahili wameyazoea kwa majina ya wahusika bapa na wahusika duara. Mhusika bapa hubeba sifa moja kuu na habadiliki. Mhusika duara ana pande nyingi na anaweza kumshangaza msomaji kwa njia inayosadikika. Mgawanyo huu unafaa, ila una hatari yake. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba kila mhusika aliyekuwa mbaya mwanzoni na akawa mwema mwishoni ni mhusika duara. Sivyo. Kubadilika kwa hali si sawa na kukua. Mtu anaweza kutolewa kifungoni akiwa yuleyule aliyeingia.

Kwa hiyo, katika makala haya, ukuaji unapimwa kwa maswali manne. Kwanza, je, mhusika anatambua mwenyewe kosa lake, au anatambuliwa na wengine tu? Pili, je, anapata kuwatendea wengine jambo jema wakati ambapo hana cheo wala uzuri wa kujivunia? Tatu, ni nani anayemtoa katika hali yake, na kwa gharama gani? Nne, je, anajaribiwa tena baada ya kusamehewa, na akijaribiwa anasimama?

Hasidi na Mansuri: jina linapomtangulia mtu

Shaaban Robert alipenda kutumia majina ya kimajazi. Adili ni mtu wa haki na uadilifu. Hasidi ni mwenye husuda. Mwelekevu ni binti aelekeaye wema. Msomaji humjua mhusika kabla hajatenda. Mbinu hii ina faida kwa hadithi ya maadili, lakini humwekea mwandishi kikwazo: mtu aliyeitwa Hasidi atawezaje kuacha husuda na bado akaitwa Hasidi?

Kisa kinaanza kwa siri. Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kwa Adili, liwali wa Janibu, anaona usiku jambo la kutisha. Adili, mtu mpole asifiwaye na wote, anawapiga mjeledi manyani wawili, kisha anawalilia na kuwalisha. Mfalme anamwita Adili aeleze, na hapo ndipo kisa kinaporudi nyuma. Manyani wale ni ndugu zake. Baba yao alipofariki aliwaachia mali. Hasidi na Mansuri walisafiri kibiashara wakapoteza kila kitu, na Adili akagawana nao alichokuwa nacho. Baadaye walisafiri pamoja. Safarini Adili alimwokoa kiumbe aliyekuwa akiandamwa na adui yake, asijue kuwa kiumbe huyo ni Huria, binti wa mfalme wa majini. Akafika katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akamkuta Mwelekevu peke yake akiwa hai. Nduguze walipoiona bahati hiyo, mioyo yao haikuivumilia. Walimtupa baharini. Huria akamwokoa, na kwa ghadhabu akawageuza ndugu hao kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Hapa ndipo kiburi cha ndugu hawa kinapostahili kuangaliwa vizuri. Wahakiki wengi huishia katika neno husuda, kwa kuwa ndilo lililo katika jina. Lakini husuda na kiburi ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye husuda huumia kwa sababu ameshajiaminisha kuwa kilicho cha mwenzake kilistahili kuwa chake. Hasidi na Mansuri hawakumtupa Adili baharini kwa kuwa walikuwa na njaa. Tayari alikuwa amewashibisha. Walimtupa kwa sababu wema wake uliwadhalilisha machoni pao wenyewe. Kupokea kutoka kwa ndugu uliyemdharau ni mzigo mzito kwa mwenye kiburi kuliko ufukara.

Je, wakiwa manyani wanakua? Kwa swali la kwanza, jibu ni gumu, kwa sababu mnyani hasemi. Shaaban Robert hatuonyeshi mawazo ya ndugu hao usiku baada ya usiku. Tunamwona mpigaji akilia, hatuwasikii wapigwao. Kwa swali la pili, hawapati nafasi ya kutenda jema lolote. Wamefungwa, wanapigwa, wanalishwa. Kwa swali la tatu, anayewatoa ni Mfalme Rai, ambaye huruma yake kwa viumbe imesifiwa tangu mwanzo wa kitabu, pamoja na Adili asiyeacha kuwaombea. Wanarejeshewa umbo la binadamu na kupatanishwa na ndugu yao. Kuhusu swali la nne, riwaya inafika mwisho kabla ya jaribio jipya kutokea.

Hata hivyo, ingekuwa haki haba kuhitimisha kwamba Shaaban Robert hakujali ukuaji. Kisa chake kina asili katika Alfu Lela Ulela, katika hekaya ya liwali wa Basra na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa. Katika hekaya ile, ndugu wanarudishiwa ubinadamu, kisha wanarudia uovu wao, wanajaribu tena kumuua ndugu yao, na mwisho wanauawa. Funzo la hekaya ya kale ni kwamba mwovu habadiliki: mbwa akirudishwa kuwa mtu, ubwa hubaki moyoni. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Aliwaacha Hasidi na Mansuri wakiwa hai, wamesamehewa, wamerudi katika jamaa. Mabadiliko hayo ya mwisho wa kisa ndiyo kauli kuu ya mwandishi kuhusu mhusika mbaya, na mwanafunzi asiyejua asili ya kisa anaweza kuipita bila kuiona. Kwake, utu si zawadi ya waliozaliwa wema peke yao.

Eustace Scrubb: joka linalojifunza kuwasha moto

Eustace anaingia katika mfululizo wa Narnia akiwa kijana wa kuudhi kweli kweli. Anajiona mwerevu kuliko wote, anawadharau binamu zake Edmund na Lucy, na anaandika shajara ambamo kila kosa ni la wengine. Shajara hiyo ni mbinu nzuri ya kisanaa: msomaji anasoma maneno ya mwenye kiburi mwenyewe na kuona pengo kati ya anavyojidhania na anavyotenda. Melini, maji yanapokuwa haba na kugawiwa kwa kipimo, Eustace anakamatwa usiku akienda kujichotea ya ziada. Katika shajara anaandika kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Kisiwani anakwepa kazi, anapotea, analala juu ya hazina ya joka akiwa na mawazo ya tamaa, na anaamka akiwa joka. Tofauti na Shaaban Robert, Lewis anatuingiza moyoni mwa mnyama. Furaha ya kwanza ya Eustace ni kwamba sasa hakuna wa kumwogopa. Dakika chache baadaye anagundua kwamba hataki kuogopwa, anataka wenzake. Anaanza kujiuliza iwapo amewahi kuwa mtu mwema kama alivyojidhania. Swali la kwanza limejibiwa.

Swali la pili linajibiwa vizuri zaidi. Joka Eustace anawawashia wenzake moto, anawaletea nyama, na anaruka mbali kuwatafutia mti wa mlingoti mpya kwa meli yao iliyoharibika. Kijana aliyekwepa kazi akiwa na mikono sasa anafanya kazi akiwa na makucha. Aidha, panya Reepicheep, ambaye Eustace alimdharau sana, ndiye anayeketi naye usiku kumfariji. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Eustace anafunzwa na panya.

Kwa swali la tatu, Eustace anajaribu kujivua ngozi ya joka mwenyewe mara tatu, na kila mara anakuta ngozi nyingine chini yake. Simba Aslan ndiye anayemchuna, na maumivu yanafika moyoni. Mtu hajiokoi peke yake, lakini pia haokolewi bila kukubali kuumia.

Swali la nne ndilo linaloonyesha manufaa ya mfululizo. Lewis anaeleza wazi kwamba Eustace alianza tu kuwa kijana tofauti, na kwamba kulikuwa na siku za kurudi nyuma. Katika The Silver Chair (1953), Jill Pole, mwanafunzi mwenzake, anashangaa kuona kwamba Eustace si yule wa muhula uliopita. Bado ana ulimi mkali, bado anagombana; lakini sasa anamwendea mtu anayelia badala ya kumcheka. Katika The Last Battle (1956), anasimama upande wa mfalme wa mwisho wa Narnia wakati ambapo hakuna tumaini la ushindi. Mfululizo una nafasi ambayo kitabu kimoja hakina: unampa mhusika miaka ya kuishi baada ya kusamehewa.

Kutasa: hasira inapotemwa

Uhakiki wa kawaida wa visa hivi humtazama mkosaji pekee. Fikra ya Wataita inaongeza upande wa pili. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti wake katika milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba kiini cha dini ya jadi ya Wataita kilikuwa kuondoa hasira moyoni. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa, iwe ya jamaa, ya wahenga au ya Mungu, huleta maradhi na mikosi. Tiba yake ilikuwa tendo liitwalo kutasa: mwenye hasira huchukua funda la kinywaji, kama vile maji au pombe ya miwa, na kulitema kwa kulirusha nje huku akitamka kwamba ameiachilia hasira yake na kuomba heri. Leo wakazi wengi wa Taita Taveta ni Wakristo na wengine ni Waislamu. Lakini fikra hiyo inabaki kuwa hazina ya kifalsafa ya eneo hilo.

Ukisoma Adili na Nduguze kwa jicho hili, swali la riwaya linageuka. Si "je, ndugu wamebadilika?" pekee, ni pia "ni nani ambaye hajaitema hasira yake?" Adili hana hasira, analia anapopiga. Mwenye hasira ni Huria. Alidhulumiwa kwa niaba ya mtu aliyemwokoa, na ghadhabu yake, ingawa ina haki ndani yake, inawafunga watu wote: manyani wanapigwa, Adili anateseka kwa kuwapiga, na nyumba ya liwali inageuka gereza la usiku. Siku Huria anapoiachilia ghadhabu yake ndipo ndugu wanaporudi kuwa watu. Kwa maneno mengine, kukua kwa mkosaji kunahitaji mlango, na mlango huo umeshikwa na aliyekosewa. Vivyo hivyo Eustace anapoomba radhi, Edmund hamsimangi. Anamwambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutenda ubaya mkubwa zaidi, kwa kuwa aliwasaliti nduguze. Hasira imetemwa, na mlango uko wazi.

Manyani: mjeledi na utu

Neno manyani katika riwaya ya Shaaban Robert ni wingi wa nyani. Karibu na Voi neno hilohilo ni jina la mahali. Oktoba 1952, mwaka ule riwaya ilipotoka, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na mwaka 1954 ikafungua kambi kubwa ya kizuizi huko Manyani. Maelfu ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau walifungiwa humo. Walichujwa na kupewa rangi: weupe, wa kijivu na weusi, kulingana na jinsi walivyodhaniwa "kubadilika". Kukiri kiapo kulikuwa sharti la kusogea kuelekea uhuru, na nguvu ilitumika kukupata kukiri huko. Watu waliitwa wagonjwa wa roho wanaohitaji kusafishwa, ilhali kosa la wengi wao lilikuwa kudai ardhi na uhuru.

Haidaiwi hapa kwamba Shaaban Robert aliibashiri kambi hiyo. Kitabu kilitangulia, na jina lilikuwa la mahali. Wala wafungwa wa Manyani hawafanani na Hasidi na Mansuri, ambao walikuwa na hatia kweli. Linalofanana ni mbinu ya mpigaji. Katika riwaya, mjeledi wa kila usiku, hata mikononi mwa mtu mwadilifu na juu ya migongo ya wenye hatia, haumrudishi yeyote katika utu. Usiku unaofuata kazi ni ileile. Ikiwa mjeledi ulishindwa katika mazingira bora kiasi hicho, utafaulu vipi mikononi mwa dhalimu, juu ya mgongo wa asiye na hatia? Kinachopatikana kwa nguvu ni ungamo la mdomo. Ukuaji wa mhusika, kama riwaya inavyoonyesha, huanza pale kipigo kinapokoma na mtu anapotazamwa tena kuwa mtu.

Hoja hii haiishii katika historia. Mwalimu aliyesimama mbele ya kijana jeuri darasani, mzazi aliyechoshwa na mwana asiyesikia, na jamaa inayompokea aliyemaliza kifungo, wote wanakabiliwa na uamuzi wa Mfalme Rai. Wanaweza kushika hekaya ya kale ya Basra, isemayo kwamba mwovu atarudia tu. Au wanaweza kujitosa katika mwisho wa Shaaban Robert, wakijua kwamba hakuna hakikisho.

Funzo kwa mwanafunzi

Yapo mambo matatu ya kuzingatia katika kumhakiki mhusika wa namna hii. Kwanza, sifa zitajwe kwa mfuatano wa wakati: alikuwa nani mwanzoni, nini kilimtikisa, alitenda nini akiwa chini, na alisimamaje baadaye. Pili, wasichunguzwe wakosaji pekee. Wachunguzwe pia waliokosewa, kwa kuwa mabadiliko hutokea kati ya watu wawili. Tatu, ukimya wa mtunzi usomwe. Shaaban Robert hakutuonyesha maisha ya Hasidi na Mansuri baada ya upatanisho kwa kirefu, na hapo ndipo zoezi zuri la darasa linapopatikana. Wanafunzi waandike sura ambayo haipo: Hasidi anapata safari nyingine ya baharini na Adili, usiku ni wa giza, na bahati ya ndugu yake imezidi ile ya kwanza. Atafanya nini? Jibu la mwanafunzi litaonyesha kama ameamini kwamba mtu anaweza kuacha jina lake.

Zoezi hili lina umuhimu mwingine. Bunilizi za ajabu katika Kiswahili si haba: Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zinahusiana kwa karibu, na Bina-Adamu! (2002) ya K. W. Wamitila imeonyesha upana wa mkondo huu. Lakini kazi hizo zinajishughulisha zaidi na utafutaji wa maana na mustakabali wa jamii kuliko safari ndefu ya mtu mmoja mwenye kiburi anayejifunza unyenyekevu kitabu baada ya kitabu. Hapo pana shamba linalosubiri mlimaji.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mhusika mwenye kiburi anastahili kusomwa kwa subira ileile anayopewa shujaa. Hasidi na Mansuri, wakipimwa kwa maswali manne, wanakua kidogo kuliko Eustace, kwa kuwa mtunzi amewanyima sauti na muda. Lakini Shaaban Robert aliwapa jambo ambalo hekaya ya asili iliwanyima, nalo ni mwisho usio wa kifo. Lewis alitumia urefu wa mfululizo kuonyesha kwamba msamaha ni mwanzo wa kazi. Fikra ya Wataita kuhusu kutasa inatukumbusha kwamba kazi hiyo haifanywi na mkosaji peke yake, na kumbukumbu ya Manyani inatuonya kwamba haifanywi kwa mjeledi. Mtu aliyegeuka nyani hurudi kuwa mtu pale anapopatikana mwingine aliye tayari kumwita kwa jina, bila hasira moyoni.